Jiwe Ulilobeba Toka Kalembe, na Sisimizi Waliojenga Chini Yake

Mama yangu unayelala kule Kalembe,

Nakuandikia nikiwa inje, kwa mulango ya jiko, sababu ndani mwili haitulii. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, narudi kuangalia pale pale. Unanijua. Tangu niko mutoto, kitu ikinisumbua sikai, na wewe ulikuwa unanicheka: "Huyu mutoto, hata kula anakula akitembea." Leo tena njo vile. Na kinachonitembeza ni sisimizi, Mama. Usicheke kwanza.

Wangekuwa siafu, nisingekuandikia. Siafu umenifundisha: muntu anatoa watoto na kuku inje, anafungua mulango, anawaacha wapite. Wanamaliza mende na panya, wanaenda zao, na nyumba inabaki safi kuliko mbele. Hawa hawapiti. Ni wale wadogo wekundu, wamependa joto ya moto wetu, wamejenga chini ya figa. Na si figa yoyote. Wameacha yale mawili ya mama mukwe wangu, wakachagua lako.

Unakumbuka siku ulinileta hapa Mpofi kwa bwana yangu? Bamama wengine walibeba pombe ya ndizi na mikeka. Wewe ulitoa jiwe moja kwa mafiga yako mwenyewe, lingali jeusi na moshi, ukalitia mu kitunga, ukaweka kamba kwa kipaji cha uso, ukapanda na kushuka milima nalo. Kufika, shemeji zangu wakaanza kukutania:

"Mama, kwani huku Mpofi mawe iliisha?"

Ukajibu hata pumzi haijarudi: "Mawe iko. Lakini hii inanijua."

Halafu ukaingia mu jiko, ukalipanga karibu ya yale mawili, ukalitikisa uone kama limekaa vizuri, ukaniambia mbele ya mama mukwe: "Mawili ni yake, moja ni lako. Sasa mupike pamoja." Yeye akacheka, akakuletea maji ya kunawa. Kutoka siku ile sikusikia hata mara moja kama niko mugeni mu jiko ile.

Na tulipokimbia vita, Mama, tukarudi, tulikuta mabati yamebebwa, mulango umebebwa, hata kinu. Jiwe lako lilikuwa pale. Nani ataiba jiwe? Nilipiga magoti mu majivu baridi, nikamushukuru Mungu. Kaburi yako siifikii, njia ya Kalembe siku moja iko wazi, siku ingine imefungwa, na sijui kama majani imeifunika. Lakini nilijiambia: mama yangu iko hapa, kila asubuhi naweka sufuria juu yake.

Sasa chini ya ile jiwe njo sisimizi wanatoka.

Nilianza na dawa yako, majivu. Nilizungusha majivu, nikaweka chupa ya mawese mu beseni ya maji, kama ulivyotufanyisha tungali watoto. Ulikuwa unasema, "Wacha wazunguke kama Yeriko, ukuta yetu haitaanguka." Mama, imeanguka. Wamepita mu majivu kama hakuna kitu. Nikatia petroli ya taa, sombe yetu ya majani ya muhogo ikanuka petroli. Nikamwaga maji ya moto kando ya jiwe. Kesho yake wakatoka tena, na Papa Bahati, bwana yangu, akainama akawaangalia, akasema: "Mama Bahati, sasa hawa umeisha kuwabatiza. Utawafukuza aje? Ni wakristo wenzako."

Nilicheka. Lakini Furaha hakucheka.

Furaha ni muke wa mutoto wangu Bahati, mujukuu wako. Hukumuona. Ni mutoto wa Shasha, kule kando ya ziwa. Walikutana wakati wa kukimbia, akaja kwetu na kitenge kimoja tu, bila sherehe, bila mama yake wa kumusindikiza. Amezaa juzi juzi, mutoto mwanamuke, tumemuita jina lako. Bahati amefuata kazi mbali, basi Furaha anaota moto na mimi mu jiko, kama muzazi anavyostahili, na mutoto analala kwa mukeka pembeni.

Pale njo sisimizi walimuluma mutoto. Kwa shingo, na nyuma ya sikio. Mutoto alilia mupaka sauti ikakauka, shingo ikavimba. Furaha alimunyakua, akawa anamupangusa, akaniambia bila kuniangalia:

"Mama, ile jiwe itoke, ao mimi nitoke."

"Ile jiwe ilikuwa hapa mbele yako, Furaha."

"Mi najua. Kila siku najua, Mama."

Akaenda akafunga vitenge vyake mu saki, akaiweka nyuma ya mulango. Hakuondoka. Aliiacha pale niione.

Tangu hapo sikulala vizuri wala kukaa vizuri. Kanisani mwili iko kwa benchi, roho iko mu jiko. Niliomba. Nilimwambia Mungu: wewe mwenyewe uliwaambia Waisraeli wapange mawe ya ukumbusho, sasa mimi nitoe langu? Nilipochoka kungoja jibu, nikasikia tu mutoto anakohoa na saki ile inanitazama.

Basi leo, kisha uji ya asubuhi, niliacha moto uzime. Nilichukua jembe, nikaingiza chini ya jiwe lako, nikalisukuma. Lilikataa, kama linakujua kweli. Nikasukuma tena, likageuka.

Mama, wacha nikuambie nilichokiona. Chini ilikuwa vumbi laini na mayai meupe, na sisimizi wakaanza kukimbia, na kila mumoja amebeba yai mu mudomo. Hakuna aliyekimbia mikono mitupu. Nilisimama na birika ya maji ya moto, nikakumbuka siku sisi tulitoka hapa, kila muntu na mutoto wake. Nisikudanganye: maji nilimwaga. Mujukuu ameumwa. Lakini nilingoja kwanza kidogo, waliofika kwa mulango wakafika.

Jiwe nililiviringisha mupaka inje, nikaliweka kwa jua. Nikarudi, nikaona mafiga mawili na shimo. Moyo ikaniuma kama siku tulikuzika. Nikatoka, nikaingia, nikatoka.

Furaha aliona yote. Alinipa mutoto, akapotea. Nikajua amekwenda kutafuta wa kumubebea saki. Kumbe alirudi na jiwe kwa kichwa, maji inamutiririka kwa mabega, amelitoa mutoni.

"Mama, hii itafaa?"

Jiwe zuri, la mviringo, limeoshwa kama sahani. Mama, nilicheka mupaka mutoto akaamka.

"Furaha, hii imekunywa maji tangu Adamu. Ikipata moto itapasuka, maharagi ituruke mu macho!"

"Kwetu Shasha tunapika na makaa kwa mbabula ya chuma. Mi nitajua aje? Nani aliniambia?"

Akasimama pale na maji yake, na mimi kicheko ikaniisha. Kweli, nani alimuambia? Mafiga mawili ni ya mama mukwe wangu, moja langu. Huyu mutoto amepika hapa siku zote hizi juu ya mawe ya watu wengine, na hakuna mama aliyemubebea lake mulimani.

Nikamuambia habari yako, kitunga, kamba, na maneno yako kwa shemeji. Alisikiliza akikamua kitenge chake. Halafu akauliza, "Na linachaguliwa namna gani?" Nikamuambia ulivyonifundisha: linachimbwa mu shamba, mahali pakavu, unaligonga na lingine, unasikiliza. Likilia wazi, liko nzima. Likinyamaza, liache.

Sasa tunaenda shamba kutafuta lake. Kitunga ninayo kwa mugongo, Papa Bahati anapika kwa mbabula ya jirani na anawaambia watu wote amekuwa bibi ya nyumba. Nitabeba mimi, hata goti ikikataa. Lakini kugonga na kusikiliza, nitamuachia yeye.

Na lako, Mama, usikasirike. Lingali inje kando ya mulango. Nilipoenda kutafuta kamba, nikamukuta Furaha amekaa juu yake, ananyonyesha yule mwenye jina lako. Lilikuwa na joto ya jua.

Ananiita: "Mama, twende, jua inashuka!" Saki ingali nyuma ya mulango, lakini amekwisha kutoa kitenge kimoja cha kumufunga mutoto.

Lala kwa amani ya Bwana. Mimi nimesimama.

Mutoto wako asiyejua kukaa,
Mama Bahati wa Mpofi