Wimbo wa Kwenye Matope

Tantine Furaha, jambo sana toka Kisangani!

Mimi na rafiki yangu Yusufu tumefika jua lingali juu, vile tuliapa: siku moja tu kwa pikipiki toka Bafwasende. Ila kidogo tushindwe. Vijana waliotandika magogo juu ya matope walitufungia njia: “Dereva aimbe kwanza, ndipo mpite!” Yusufu, nyuma yangu kwenye pikipiki, akacheka: “Bon, huyu iko kwenye kwaya ya tantine yake!”

Nisamehe, Tantine. Kwenye kwaya yako nafunguaga mdomo tu, sauti haitoki. Pale nikaimba kweli, na wakadai nirudie! Sasa tunakula lituma ya moto, ndizi za kupondwa, na samaki.

Jumapili ukisikia sauti mpya, usigeuke kuniangalia, nitanyamaza tena.

Nakukumbatia na matope yangu yote,
Dieudo wako