Mwenge Mmoja, Mikono Miwili

Njia ya Kisima 4,
Noirfosse.
12 Machi 2019

Mpendwa dada Arlette,

Nakutangazia rasmi, na ukipenda waite majirani zako wa Québec nao wasikie: juzi Jumapili mdogo wako alinyoa ndevu mara mbili.

Hujambo lakini? Goti limekuachia? Theluji ya huko imekubali kuyeyuka? Mimi mzima, ila situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nachungulia dirishani, na dirishani hakuna ila ng'ombe wa jirani Hubert, nao wameshanichoka.

Ni ule moto mkuu wa Kwaresima, wa kuchoma sanamu ya kipupwe. Si unajua lazima uwashwe na wanandoa wa mwisho kuoana kijijini? Sasa vijana wa Noirfosse hawaoi, wananunua mbwa. Kwa hiyo wa mwisho bado ni mimi na Josiane, mwaka wa nne huu, ingawa miwili hii ya mwisho mwenzangu yuko kwa dada yake, kijiji cha Hargival. Talaka hatujaandikishana, na kamati ikaona inatosha. Tusipowasha wetu, twende tukaote wa Hargival, na hilo hapa ni sawa na kubadili dini.

Nilimwandikia Josiane aje tuwashe. Kimya. Hubert naye kila akipita na trekta, "Bwana harusi! Bibi yuko wapi, au tukuvalishie ufagio shela?"

Jumapili, jua likizama, Josiane akashuka kwenye gari la dada yake, na koti lile la kijani. Dada mtu hakuzima injini. Arlette, moyo ulinidunda kama wa mwizi.

"Inua juu, Ghislain, unanidondoshea nta," akaniambia tulipoushika mwenge. "Hata kisu cha keki ulikishika hivi hivi."

Watu wakacheka, naye akacheka. Nyasi zikashika, sanamu ya kipupwe ikaungua yote. Mkono wake haukuharakisha kutoka juu ya wangu.

Kisha akaniuliza, polepole, kama mlango wa nyuma bado siufungi. Nikamwambia siufungi. Tukaongozana hadi nyumbani, Hubert akitupigia mluzi.

Nisalimie shemeji Réjean, na mpwa wangu Maxime umwambie baiskeli yake bado iko ghalani. Mungu awape kuni kavu na nyumba isiyo na moshi.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa hakai kitako,
Ghislain

Tanbihi: Nyumbani alikuja kuchukua chuma chake cha kuokea gofri, zile keki bapa za mirabamiraba, akaondoka nacho.