Kiti cha Mke wa Mzee Harold

Woolwich, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na hao kuku wako bado wanalala jikoni kama wapangaji? Mimi ni mzima, ila kuna jambo linaninyima raha, na nikimsimulia mtu wa huku ataniona nimechanganyikiwa.

Unajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja ni Mzee Harold wa Thamesmead. Mkewe amefariki, lakini kila asubuhi mzee anataka marehemu atengewe chai kwenye kiti alichokuwa akikalia, mkabala naye. Wahudumu walionitangulia wakakiondoa kile kiti, naye akagoma kula. Msimamizi wangu, dada wa Kikenya, aliniambia mbele yake, "Zawadi, huyu asipokula hii wiki wanampeleka home ya wazee. Hiyo flat hataiona tena." Mzee aliyadaka hayo maneno ya home na flat, akalia kimya kimya. Niliumia sana.

Nikakirudisha kiti, nikatenga uji na chai kwa watu wawili. Hakula. Kesho yake alitupa bakuli, uji ukanijaa kichwani. Nikakumbuka ulivyombembeleza babu siku zake za mwisho. Mvumilivu hula mbivu, ulisema, ingawa mimi siku hiyo niliupata uji kwenye nywele. Nilipokuwa nafuta sakafu ndipo nikaliona kosa langu. Kwetu nani huanza kula kabla mama mwenye nyumba hajakaribishwa? Asubuhi iliyofuata nikakigeukia kiti kitupu, nikasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu nikichoka hunikimbia: "Shikamoo bibi. Karibu chakula. Nisaidie na mumeo."

Mzee akachukua kijiko, akala.

Nilifurahi, mama, mpaka nilipoanza kutoa vyombo. Kikombe cha bibi kilikuwa kimebaki nusu. Mzee hainuki bila kushikwa, na mimi nilikuwa pale pale muda wote. Nikagusa mto wa kiti. Ulikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka.

Sasa anakula kila siku, na msimamizi anasema akiendelea hivi atabaki kwake. Naingia pale mwili unanisisimka, lakini naingia, kwa sababu nikiacha atakaa na njaa. Juzi aliweka kijiko chini, akatega sikio upande wa kiti, kisha akaniambia, "Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

Mzungu gani huuliza hivyo, mama? Lakini mkubwa akiuliza hujibiwa, nikataja jina lako na mtaa wetu.

Unisamehe, sikukuomba ruhusa kwanza. Nisalimie shangazi, mwambie khanga zake nimezipata, na kaka aache kukubeza kuhusu kuku. Na akikujia bibi wa Kizungu mwenye sweta ya kijani, kama alivyo kwenye picha yake ukutani, akaulizia tabia yangu, hata kama ni ndotoni, mkaribishe. Nisifie kidogo, mama, asije akamkataza mumewe kula.

Mimi mwanao niliyekutaja,
Zawadi