Kwa Kabeya, Aliyeshusha Kamera

Kabeya, shemeji yangu,

Mvua imerudi hapa Kolwezi tangu tukuzike. Dada yangu Tshala anakaanga mikate mbele ya nyumba ili watoto wale. Kile chumba chako cha giza cha kusafishia foto sasa wanalala humo. Lakini sikuandikii kwa ajili ya habari hizo. Nakuandikia kwa sababu nilikukosea, nawe ukafa kabla sijakuambia.

Unakumbuka ulivyokuwa umechoka. Kazi yako ilikuwa kupiga sura za wafanyakazi wa mgodi kwa ajili ya vitabu vyao vya kazi: mtu na namba yake kifuani, asicheke, asigeuke. Siku uliyosikia kwamba Mzungu mmoja mwenye duka anatafuta foto za wanyama za kuchapisha kwenye kadi za posta, ulinijia hata hujala. "Shemeji, akizipenda, nitafungua studio yangu. Batu batakuya na nguo za sikukuu, na batacheka." Ukaniahidi kwamba nami nitaacha udereva wa kamiyo, tufanye kazi pamoja.

Nilikuwa natumwa Kivu kuleta maharagwe. Ukaomba likizo, tukapata karatasi ya ruhusa ya njia, tukaenda. Siku ngapi zile, Kabeya! Vumbi hadi kwenye meno. Kila ndege ulitaka nisimame. Nilinung'unika, lakini nilisimama. Kwenye kivuko kimoja filamu zako zikalowa, ikabaki moja tu.

Halafu nchi ikabadilika. Mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto, na katikati yake matope, matete, maji yanayofuka mvuke. Ulitia kidole, ukakitoa haraka ukicheka: "Hapa Mungu iko napika chai."

Asubuhi iliyofuata tukamwona kiboko. Alisimama kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo, mlima ukitoa moshi nyuma yake. Ilikuwa foto ambayo yule mwenye duka angeinyakua. Ukashuka, ukaingia matopeni hadi magotini, ukamsogelea. Mimi nilibaki ndani ya kamiyo, injini inanguruma, mguu juu ya pedali, tayari kuondoka. Hilo sikuwahi kulisema hadi jana. Mimi ndiye niliyeogopa.

Uliinua kamera. Ukaishusha. Ukasimama pale muda mrefu, kisha ukarudi polepole. Nilikufokea, na wewe ukanieleza nisichokiona kutoka mbali: mtoto wake alikuwa amekufa, na yeye anamsukuma kwa pua, anamsukuma tu, ili aamke.

"Iko na kilio, shemeji. Batu banapigaka foto ku kilio?"

Tulirudi na foto za ndege na za migongo ya nyati. Mwenye duka alizitazama akiwa amesimama, akakurudishia. Studio ikafia hapo, na mimi hasira ikanikaba. Jumapili moja, kwenye bia, watu wakaniuliza habari za safari. Nikawaambia kiboko alikuangalia tu, ukakimbia hadi viatu vikabaki matopeni. Walicheka mpaka machozi. Nami nilifurahi, Kabeya. Nakiri, nilifurahi.

Kufika Jumatatu, kambi nzima ya mgodi ilikuwa inakuita Tata Mbio, yaani Baba Mbio. Hata wale uliowapiga foto. Nilingoja uje unipige. Ulikuja, ukaniuliza kama mgongo bado unaniuma. Basi.

Kisha kifua kikakuchukua. Kwenye kilio mtu mmoja akasimama kukuaga: "Tata Mbio, leo umetushinda mbio sisi wote." Hakuwa na ubaya. Watu wakacheka kidogo katikati ya machozi. Nikamwona Tshala anainamisha kichwa. Na mimi, mbele ya jeneza lako, nikanyamaza.

Jana nilimwendea. Nilisema yote nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Aliendelea kugeuza mikate yake hadi nikamaliza. Kumbe alijua tangu ile Jumatatu! Ulimwambia, ukamkataza asinigombeze. Akanirudishia maneno yako: "Umuache kaka yako. Ule uongo wake ni muzito. Siku moja utamuchokesha, atautua yeye mwenyewe."

Uongo umenichosha, shemeji. Umenichosha kabisa.

Nilimwomba msamaha. Hakunitazama. "Kwangu umekwisha sema," aliniambia. "Sasa wende kwa bale batu."

Jumapili hii nitakwenda, kabla hawajalewa. Nitawaambia nani aliingia majini na nani alibaki kwenye kamiyo, na kwa nini hukupiga ile foto. Wakicheka, wacheke. Nitawachukua watoto wako wakae karibu yangu, wasikie kutoka kinywani mwangu baba yao alikuwa mtu gani.

Sikukuaga vizuri siku ile. Nakuaga sasa. Pumzika, Kabeya.

Ni mimi shemeji yako,
Mbuyu