Upande wa Kushoto wa Skrini

Jumatano, 2 Julai 2025

Pasikali kanijazia gemu mpya kwenye flashi. Ni fundi kompyuta, kibanda chake kimepakana na steshenari yangu, na kila anachokipata lazima anijaribishie mimi kwanza.

Nimeanza na la malori. Unapewa lori, unapewa mzigo, unaondoka. Ni Ulaya, lami mwanzo mwisho. Hakuna tuta, hakuna mbuzi, hakuna trafiki anayekupungia mkono usimame. Mvua inanyesha na barabara inabaki barabara. Picha nzuri sana. Ila linachosha kama safari ya kweli – labda ndivyo walivyotaka.

Mume wangu Mansuri yuko Dar, kafuata mzigo wa vitenge. Hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama yake, Mwanahawa. Mama kanikuta nacheza, akasema tu, "Mwanamke mzima." Akaenda zake kulala.

Jumamosi, 5 Julai

Gemu la shamba. Pasikali analisifu kupita kiasi. Mimi nimezaliwa Muyama, mama yangu mzazi analima maharage mpaka leo, kwa hiyo labda si mtu wa kuhukumu. Unapanda, unabonyeza, yanaota. Hakuna anayeumwa mgongo. Hakuna ngedere. Trekta linaoshwa kwa bomba utadhani bwana harusi. Nimelifuta.

Nikajaribu na la kutisha. Nyumba tupu, mlango unalia, mtu anapumua na humwoni. Sauti wameipatia kuliko picha. Nimelizima hatua ya pili. Mama mkwe kauliza mbona taa zote zinawaka. Nimesema natafuta hereni.

Jumatatu, 7 Julai – Sabasaba

Hatukufungua kazi. Asubuhi baridi kali, tumekunywa chai tukiwa tumejifunika.

Nilikuwa nacheza lile la kutafuta vitu. Wanakuonyesha chumba kilichojaa vurugu, wanakutajia vitu vilivyofichwa humo: ufunguo, mkasi, jogoo wa shaba. Unavitafuta, unavibonyeza. Kwangu ni gemu la watoto. Mama alikuwa nyuma yangu anapeta mchele.

Akasema, "Mkasi huo hapo, chini ya kiti."

Kweli.

"Na jogoo kakaa juu ya kabati."

Kweli tena. Nikamwambia, mama, si ukae basi. Akakaa. Mchele ukabaki kwenye ungo mpaka adhana ya adhuhuri.

Anacheza vizuri kuliko mimi! Miaka yote hii anauza kanga na vitenge, jicho lake linajua wekundu huu na wekundu ule. Chumba cha tatu tu ndicho kilimshinda. Mwavuli ulikuwa peupe kabisa, kushoto, mkubwa kama mlango. Hakuuona. Nilipomwonyesha akasema gemu linadanganya, mwavuli haukuwepo, wameuweka sasa hivi. Tumecheka.

Jumatano, 9 Julai

Sasa yeye ndiye anayeulizia. Nimerudi kutoka kazini, kompyuta imeshawekwa mezani, imefutwa vumbi, inasubiri.

"Safina mwanangu, tufungulie ile nyumba yetu."

Tumecheza vyumba viwili. Kisha akataka la malori. Lori lake linakwangua kila kilicho kushoto – reli, miti, gari la polisi. Nimemweleza kwamba kule wanapita kulia, ndiyo maana linachanganya, hata mimi lilinichanganya.

"Wazungu nao," akasema. Akaliacha lori limeziba barabara, akaenda kuswali.

Ijumaa, 11 Julai

Sikucheza.

Mama karudi kutoka dukani amechubuka kiwiko, kanga imechanika pindoni. Anasema ni bodaboda wa Heru Juu, wanapita kama mshale, hata honi hawapigi. Aliyemleta ni Khamisi, mwenye duka la viatu linalotazamana na duka letu la vitenge. Wakati mama anaosha mkono, Khamisi akanivuta uani.

"Shemeji, honi ilipigwa. Ilipigwa sana. Mama alikuwa ameshaanza kuvuka, na pikipiki ilitokea huku kushoto kwake, peupe. Hakugeuka kabisa. Mpime masikio."

Masikio ya mama hayana tatizo. Ananisikia nikifungua biskuti chumbani.

Jumapili, 13 Julai

Nimewaza tangu juzi. Mwavuli. Lori. Bodaboda. Na chai – nikikaa kulia kwake ananimiminia vizuri, nikikaa kushoto inamwagika mezani, na siku zote analaumu birika.

Baada ya chakula cha mchana nikafungua gemu letu, chumba kipya. Nikawa siangalii vitu, namwangalia yeye. Vya kulia anavipata kabla sijamaliza kuvitaja. Vya kushoto, hakuna. Nikasema jua linapiga kwenye skrini, nikaisogeza kompyuta mkono wake wa kulia, pembeni kabisa. Akaviona vyote. Nikairudisha katikati. Vikapotea.

Basi nikaleta mkono wangu kutoka kushoto kwake, polepole, usawa wa shavu. Hakushtuka. Ulipofika karibu na pua ndipo aliporuka.

"Unafanya nini wewe?"

"Mama, jicho hili linaona?"

Akachukua ungo usiokuwa na kitu, akaanza kuupetapeta.

"Linaona mwanga," akasema.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Lilikuja kama pazia. Nikasema vumbi. Halafu nikasema uzee. Halafu nikaacha kusema."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanisimulia habari ya mama yake mzazi, ambayo sijawahi kuisikia humu ndani. Bibi alipofuka akiwa bado na nguvu zake, huko Ujiji. Wakamhamishia chumba cha uani. Chakula anapelekewa, maji ya kuoga anapelekewa, habari hapelekewi. Watu wanapanga harusi mbele yake kama vile hayupo.

"Yalikufa macho," mama akasema, "wakamzika mpaka na masikio."

Na Mansuri? Anasema Mansuri akijua, duka litafungwa siku hiyohiyo. Si kwa ubaya. Kwa mapenzi. Atanunuliwa godoro nene na atawekewa msichana wa kazi, na kitenge hatakishika tena ila cha kuvaa.

Kaniapisha nisimwambie. Nimeapa. Sijui kama nimefanya vizuri. Nimeizima kompyuta bila hata kuhifadhi tulipofika.

Jumanne, 15 Julai

Pasikali kanipa habari bila kujua ananipa nini: redio imetangaza madaktari bingwa wa macho watakuwa Kibondo wiki ijayo. Alikuwa anamfikiria shangazi yake.

Mama amekataa. Baada ya magharibi amekubali, kwa sharti. Mansuri aambiwe tunakwenda msibani, kwa mteja wa zamani wa mama.

"Msiba wa nani?" nimeuliza.

"Wa yeyote. Watu wanakufa kila siku."

Mansuri kapiga simu kama kawaida. Mama hajambo? Hajambo. Nilijibu neno moja tu na nikaona limekuwa refu.

Nimecheza la matofali yanayodondoka. La kizamani, halina hadithi, halina picha ya maana. Unayapanga tu yanavyoshuka, na ukiyapanga vizuri yanaongeza kasi. Leo sikutaka kingine.

Alhamisi, 17 Julai

Mama kauza kutwa nzima. Nimepita kumwona. Anamsimamisha mteja upande wa kulia, kila mteja, na hakuna anayetambua. Ameshajipangia hata viti. Mwaka mzima, na mimi nakaa naye nyumba moja!

Jumatatu, 21 Julai – Kibondo

Tumefika jana, tukalala gesti; Mansuri nimemwandikia kwamba tuko msibani. Leo alfajiri tulikuwa hospitali, watu wameshajaa, makoti na mablanketi. Mzee mmoja jirani yetu kwenye benchi, Nkunzimana, kaletwa na mjukuu wake. Kamwamkia mama kwa Kiha, "Mwakeye," na mama akamjibu, wakaongea mvua na bei ya maharage kana kwamba wote wamekuja sokoni.

Zamu yetu ilipofika nesi akamvisha mama kitu kama miwani ya fundi wa kuchomelea, lakini imezibwa. Akampa kitufe mkononi. Tazama mbele tu, ukiona nukta ya mwanga, bonyeza. Usizungushe macho.

Mama akaita, "Safina, hili nalo ni gemu?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Akaanza. Alikuwa anabonyeza kwa bidii, mdomo umekaza, kama anavyofanya nyumbani. Nesi alikuwa na skrini yake pembeni na nilikuwa nazichungulia nukta. Kulia inatokea, mama anabonyeza. Kulia tena, anabonyeza. Kisha zikaanza kutokea upande ule. Moja. Nyingine. Nyingine. Mama katulia, kidole kiko tayari, anasubiri gemu liendelee. Nilitamani nimwambie.

Walipomvua akauliza, "Nimepata ngapi?"

"Daktari atakueleza, bibi," nesi akasema.

Humu nimezisema gemu zote, nzuri na mbovu. Hili sina la kulisema, ila kwamba halina kurudia.

Daktari ni mwanamke, nadhani tunalingana umri. Hakuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limeanza kuliwa upande wa puani, ndiyo maana vya kushoto vyote vinampita. Kilichokwenda hakirudi. Kuna dawa ya matone, ya maisha, na anashauri jicho la kulia lifanyiwe upasuaji hapahapa kabla timu yao haijaondoka.

"Si wa kurudisha, mama. Ni wa kuzuia. Na una hatari zake, sitakuficha. Lakini tukiliacha hivi, najua linakoelekea."

Mama akauliza swali moja tu. Kama ataendelea kuzijua rangi.

"Tukiwahi, ndiyo."

Nikadhani tumemaliza. Daktari akaendelea kuandika, kisha akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kupofuka.

Nikamwangalia mama.

"Mama yangu," akasema.

"Una watoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Basi apimwe, na asichelewe. Ugonjwa huu unapita kwenye damu. Hauumi, hautoi dalili. Mtu anakuja kujua nusu imeshaondoka."

Mama alishika ukingo wa meza ya daktari. Aliushika muda mrefu.

Tumerudi gesti. Chakula hakugusa. Nikamuuliza kama nimfungulie vyumba vyetu, nimeibeba kompyuta kwa ajili yake. Akasema hapana, leo amecheza vya kutosha.

Mansuri kapiga mara mbili. Khamisi atakuwa amemwambia duka limefungwa. Sikupokea. Nikiipokea nitasema. Nilimwapia mama, lakini sikuapa kuhusu macho ya mume wangu. Nimemwambia mama hivyohivyo, kwa adabu, lakini nimemwambia. Alijifunika shuka mpaka kichwani.

Jumanne, 22 Julai – Kibondo

Naandika nikiwa kwenye benchi. Mama katiwa dawa kwenye jicho, kaambiwa asubiri kuitwa. Ndani ni chumba cha upasuaji. Amekubali mwenyewe asubuhi, daktari alipopita. Lakini juu ya Mansuri hakusema neno, wala mimi sikurudia.

Mzee Nkunzimana katoka sasa hivi na bandeji, mjukuu kamshika mkono. Mama aliwasikia wakipita, akageuza kichwa chote kushoto, kabisa, mpaka akawaona. Akawaangalia hadi mlangoni.

Simu imelia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

Nimeiacha inalia. Mkono wangu ulikuwa juu yake. Mama kanyoosha wake.

"Lete."

"Mama, watakuita sasa hivi."

"Lete, Safina. Sitaki aambiwe na mtu mwingine."

Nimeipokea, nikamwekea sikioni. Sauti ya Mansuri ilisikika mpaka huku, juu, ya haraka – mko wapi, msiba gani, mbona Khamisi anasema hivi na hivi. Mama kamwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Mansuri, baba. Umekaa au umesimama?"

Sikusikia jibu.

"Basi tafuta mahali ukae."

Amemsubiri. Kweli kabisa, amemsubiri akae. Halafu ameanza, na hakuanza na jicho lake. Ameanza na bibi, Ujiji, na chumba cha uani. Anasimulia taratibu, kwa sauti ileile aliyonisimulia mimi, na upande wa pili hakuna kelele tena.

Mlango umefunguliwa. Nesi ameita, "Mwanahawa." Mama amesikia. Ameinua kidole kimoja kumwambia asubiri, na anaendelea kuongea.