Sire Nyekundu mu Sale ya Florbol

Siku ya kwanza, tarehe 2 Juni

Baridi. Nilifungua sale ya michezo saa kumi na mbili, nikafagia, nikakohoa, nikafagia tena. Vumbi ya mwezi wa sita haina adabu. Unaitoa ku mlango, inarudi ku dirisha, inakusalimia.

Saa moja bana baliingia. Ekipe ya taifa ya banamuke, ya florbol. Zamani sikujua ile kintu. Sasa ninaijua kuliko katekisimu. Kamupira kadogo ka plastiki kenye matundu mengi. Fimbo yenye kupinda ku muisho. Batano ku kila upande banakimbia kama bantu baliona nyoka. Na nyuma yao gardien mumoja wa kulinda goli. Ule hana fimbo. Anapiga magoti, anazuia na mikono, na kifua, na kila kintu Mungu alimupa. Mechi nzima ku magoti.

Gardien wetu njo mujukuu wangu, Godelive. Godé. Iko na miaka makumi tatu na moja, anafundisha bana ya primaire, na magoti yake inalia kama mlango ya kwangu. Nilimuambia, bantu bengine banapiga magoti juu ya kuomba Mungu, weye unaomba mupira. Alinitupia soksi. Ilinuka.

Kule Ndola, mu mechi ya kwanza, Bazambia balitushinda kwa goli moja. Siku ya posho, mwisho ya juma hii, banakuja hapa. Tukishinda kwa goli mbili, Godé na wenzake banaenda ku mashindano ya dunia, Ulaya. Tukikosa, bakubwa ya michezo balisema ekipe inafungwa. Na Godé anasema magoti yake haitangoja ekipe ingine.

Njo hivi. Inabaki siku tano.

Siku ya tatu, tarehe 4 Juni

Nilikata tube ya gurudumu ya camion, ile lori kubwa, nikashona bintu mbili ya kulinda magoti. Miaka yote ya Kambove nilikuwa ndani ya mugodi ku magoti. Masomo niliachia ku ya tano primaire, lakini juu ya magoti niko na diplome. Godé alijaribu. Akasema inanuka garage. Akasema tena, iko muzuri, Kambo. Njo anaitaka babu yake hivi. Nilijidai sikusikia, aseme mara ya pili. Alisema.

Mama Kapinga, ule mama wa Kasai anayeosha sale pamoja na miye, alituangalia.

"Muzee ya Mitwaba, uliacha mihogo yako kule njo ukuje kushona kama mwanamuke?"

Nilimuambia Mukasai akinyamaza siku moja tu, Lubumbashi nzima itapata usingizi. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kila asubui tunatukanana hivi. Siku tusipotukanana, mumoja wetu iko mugonjwa.

Siku ya ine, tarehe 5 Juni

Kesho bageni banafika. Niliangalia sakafu ya sale. Kijivu. Sima tupu, kama kaburi ya muntu asiye na ndugu. Bantu batoke Zambia na kupita mpaka, halafu tubapokee ku kintu kama hii?

Mama yangu, Mungu amuweke, alikuwa na sheria moja. Mugeni hapokelewi ku sakafu ya kijivu. Mbele ya ndoa, mbele ya komunyo, hata mbele ya deni, tulipaka sire nyekundu, mafuta ya kopo ya kungarisha sakafu, na kusugua mpaka unaona meno yako chini. Nyumba zote za mugodi zilikuwa hivi. Masikini, lakini chini inangaa.

Mama Kapinga alienda ku maombi yake, mazoezi ya bana ilikuwa ku kiwanja ya inje. Sale yote yangu. Nilinunua makopo makubwa inane. Nikapaka yote, goli mpaka goli. Halafu nikavua biatu, nikatia blanketi ya zamani chini ya miguu, nikasugua kwa kucheza. Ndiyo, nilicheza. Rumba, peke yangu, kiuno yote, na miaka yangu sabini na inane. Saa kumi sakafu ilikuwa kioo. Niliona uso wangu mule. Sura mbaya, lakini inangaa.

Nilifunga mlango. Sikuambia muntu. Surprise.

Siku ya tano, tarehe 6 Juni

Ninaandika yote, hata ya haya.

Bazambia baliingia saa tatu juu ya kujaribu sale. Wa kwanza alikanyaga, akasema aah, muzuri. Njo akaanguka. Wa pili alikuja kumuinua, akaanguka juu yake. Kapiteni wao, Chanda, dada murefu wa sauti kubwa, alikimbia hatua tatu na kufika ku ukuta bila kutaka. Godé alipiga magoti mbele ya goli, akateleza, akatoka kule ingine kama sabuni ndani ya beseni.

Miye kwanza nilicheka. Ninaandika kweli. Nilicheka.

Komiseri ya mechi, bwana mugeni mwenye suti na kartable, ule mufuko wa karatasi, aliinama, akapitisha kidole chini. Kidole ikatoka nyekundu. Akaandika. Akasema, kesho saa sita sakafu ikikuwa hivi, hakuna mechi, ushindi ni ya bageni.

Sikucheka tena.

Bote baligeuka na kuangalia Mama Kapinga, juu yeye njo anaoshaka. Kochi yetu, Mireille, alimuuliza kwa ukali, mama, ulitia nini hapa? Mama Kapinga alifungua kinywa, maneno ikakosa. Yeye! Na miye nilisimama pale na funguo mu mukono, na nikanyamaza.

Nilinyamaza muda wa kuosha sahani. Ninahesabu ile muda mpaka sasa. Niliogopa Godé. Siogopi padri, siogopi polisi, nilimuogopa mutoto niliyemufundisha kutembea.

Halafu nikasema: ni miye.

Balicheka! Kochi alisema, Kambo, leo hapana, acha michezo. Iko na haki. Juma iliyopita nilimuambia ni miye nilikula filimbi yake. Muntu wa kucheka kila siku, siku ya kweli hana shahidi.

Basi nilikaa chini, nikavua biatu na soksi, nikainua miguu mbele ya bakubwa yote. Nyayo nyekundu, mpaka kati ya bidole. Sire ya jana haikutoka na sabuni.

Sasa baliamini. Mama Kapinga aliangalia miguu yangu, akaangalia uso wangu. Hakunitukana. Godé vilevile hakusema kintu. Alikaa ku benchi, akatoa ile tube ku magoti, moja, halafu ingine, akaiweka chini polepole. Ningependa anipige na fimbo.

Chanda njo alikuja. Aliuliza kwa Kibemba kama ile ni sire ya kopo. Kibemba ninaijua tangu mugodi, nikamuitikia ndiyo. Akauliza sababu. Nikasema sababu yenu, bageni hapokelewi ku sakafu ya kijivu. Aliangalia miguu yangu tena. Halafu akapiga kicheko yenye ilijaza sale. "Shikulu!" Kule kwao njo banaitaka muzee hivi, kambo. Akasema kambo yake kule Kitwe iko sawasawa na miye. Kila Noeli anavunja muntu muguu juu ya kungarisha nyumba.

Alipiga mikono, akaita bana yake. Petroli ya taa kwanza, alisema, na muchanga mwepesi, unasugua. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili. Halafu unga wa mbao, unakausha. Kochi yao alimukumbusha kwa sauti ya chini, ushindi iko ndani ya mufuko yetu, kwa nini tujichokeshe? Nilisikia. Chanda alijibu nguvu, bote basikie, hakutoka Kitwe na fimbo mugongoni juu ya kushinda kopo ya sire.

Ile dada, ningekuwa na miaka makumi tano pungufu!

Basi tulisugua. Bazambia na Bakongomani, magoti chini, mustari mumoja kutoka ku mlango. Mama Kapinga alileta bamama ya korali na ndoo zao. Balitunga mwimbo juu ya miguu yangu. Mwimbo yenyewe siandiki hapa. Bazambia baliniambia kama niko na kazi ya kusafisha hapa, mwizi iko na kazi ya kulinda. Nikabajibu kama bo balianguka bila hata kusukumwa, kesho tutabapuliza tu. Shiye na bo tunataniana tangu bakambo ya bakambo, hakuna wa kukasirika.

Godé alisugua pembeni yangu saa mbili nzima. Neno hata moja hapana.

Jua ilikuwa ingali juu wakati tulimaliza. Mbele ya goli ya upande wa mlango, nyekundu ilibaki ndani ya mistari ya sima. Haikutaka kutoka. Sitalala muzuri, ninajua sasa mbele ya kulala.

Siku ya posho, tarehe 7 Juni

Saa tatu komiseri alifika. Alitembea. Alikimbia kidogo, suti na yote. Alisukuma kiatu yake kulia, kushoto. Alipiga goti moja pale mbele ya goli yenye mistari, akapitisha kidole, akaangalia. Kidole safi.

"Sawa," akasema.

Neno moja. Nilitoka inje nikalia nyuma ya choo. Mama Kapinga alinikuta. Akasema, muzee ya Mitwaba, unamwagilia nani hapa, mihogo? Nilipona palepale.

Mechi. Sale ilijaa, bantu balikalia hata madirisha. Kipande ya kwanza balitushinda, mbili kwa moja. Ya pili, tatu kwa tatu. Ya tatu tulitia moja, halafu ingine. Tano kwa tatu. Goli mbili. Njo tulichohitaji, na hata kimoja zaidi hapana.

Inabaki dakika moja, arbitre, mwamuzi wa mechi, akabapa penalti. Chanda peke yake na kamupira, anatoka kati ya sale, mbele yake Godé peke yake. Ikiingia, goli mbili inakuwa moja, na moja haitoshi, juu ya ile ya Ndola.

Sikuangalia. Niliangalia sakafu. Nilimuomba Mungu, nikamuomba mama yangu, nikamuambia, mama, sheria yako karibu ilituua, sasa saidia.

Nilisikia biatu inakimbia. Inakuja. Nilisikia magoti inateleza ku sima, shwaa. Halafu sauti nzito. Pu. Ninajua ile sauti. Plastiki inapiga tube ya camion.

Halafu sikusikia tena, juu bantu bote balikuwa juu yangu.

Tunaenda. Banaenda. Nilimuona Chanda amemuinua Godé na mikono mbili kutoka chini, mbele ya yote. Nilimutafuta nimuambie asante. Aliniona wa kwanza, akanyosha kidole ku miguu yangu, akapiga kelele: "Shikulu, vaa soksi!"

Mwili yote iko laini, kama muntu alishusha gunia. Kumbe nilibeba ile gunia tangu jana na sikujua uzito.

Siku ya Mungu, tarehe 8 Juni

Misa. Padri alisema tupige magoti. Yangu ilikataa. Nilibaki nimesimama na Mungu akaelewa.

Nyuma ya misa Godé alikuja kwangu, hapa mutaa ya Annexe, anatembea kama bata. Akaleta pantalo, suruali yake ya ekipe. Ku magoti iko nyekundu, madoa mbili, pale tube ilisukuma kitambaa chini. Alisema aliosha mara tatu. Nilisema nipe, niko na ujuzi na ile sire. Alicheka kidogo. Nilimuambia nisamehe. Sikutia muchezo ndani. Ilikuwa ngumu, kinywa haikuzoea.

Alisema, siku ya tano sikunyamaza juu ya hasira, Kambo. Ningefungua kinywa, ningelia mbele ya Bazambia.

Basi. Kumbe ilikuwa ile tu.

Alikula, akalala ku kiti, mudomo wazi. Sikuacha nzi bamukalie, nilibafukuza na kofia.

Niliosha pantalo. Nyekundu haikutoka. Niliianika ku kamba, magoti mawili mekundu yanacheza na upepo. Majirani baliuliza. Sikusema uongo hata moja. Ninazeeka.

Jioni kidogo Mama Kapinga alipita, na muhogo mumoja mu mukono, zawadi, alisema, usisahau kwenu. Alisimama ku mlango akaangalia chini. Nyumba yangu sikupaka kintu. Kijivu, na vumbi juu.

"Aba, muzee. Mugeni anapokelewa hivi?"

Nilimuambia leo ndiyo.

Aliingia, akakaa.