Maji Yamejaa

Jumapili, mwezi wa nne. Kibamba.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikaacha, ikaanza tena. Nimeshika daftari la Kemia saa nzima na bado niko ukurasa uleule. Nakaa, nainuka, naenda dirishani, narudi. Mama ameniuliza kama nina chawa.

Sina chawa. Nina kosa.

Jumamosi ijayo klabu yetu ya jiografia inakwenda mtoni: wasichana kumi na wawili, walimu wawili, kayaki za kuazima na boti moja ya mpira. Wiki tatu tumebishana twende mto gani. Ruvu tuliukataa kwa sababu ya mamba na viboko. Mpiji uko karibu na kwetu, ila kipande tulichokwenda kukiangalia kimejaa mchanga na mifuko ya takataka. Mwajuma, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, akapendekeza bwawa tulivu lililo kwenye shamba moja huko Kibaha.

"Bwawa la bata hilo!" mmoja akasema.

"Mwajuma, usisahau mkate wa kuwarushia," mwingine akaongeza, na chumba kizima kikacheka.

Huyo wa mkate nilikuwa mimi.

Mimi nilitaka mto wa milimani, ule unaoshuka kutoka Uluguru upande wa Morogoro, wenye maji yanayoruka juu ya mawe. Nimeuchora kwenye majalada ya madaftari yangu yote. Mwalimu Kessy, mlezi wa klabu, alikubali kwa sharti kwamba niandike ripoti: kina, kasi, mahali pa kuingilia, mahali pa kutokea, na hali ya maji kwa sasa. Akanipa namba ya Mzee Mkude, mwenyeji anayeishi kando ya mto huo.

Alhamisi nilimpigia kwa simu ya Mama.

"Shikamoo babu. Maji yakoje huko?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Huku maji yamejaa."

Nilifurahi mpaka nikasahau maswali mengine. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaandika: "Kwa mujibu wa mwenyeji, hali ya maji ni nzuri sana."

Lazima nieleze. Kwa akina Mama ni Kimbiji, kando ya bahari, na ndiko mjomba alikonifundisha kupiga kafi nikiwa darasa la tatu. Kule mtu akisema maji yamejaa, watoto tunaitana. Miamba imefunikwa, mtumbwi unaelea, twende! Baada ya saa chache yatakupwa, yarudi baharini, basi tunarudi nyumbani kula. Sijawahi kusikia maneno hayo yakiwa habari mbaya.

Leo mchana Mama Upendo, jirani yetu aliyekulia Ifakara, alirudisha sufuria yetu akitokea kanisani. Nikamsimulia safari kwa mbwembwe zote.

"Mto umejaa, na wewe unacheka?" akaniuliza.

"Si ndiyo vizuri, mama?"

"We Mpwani wewe! Unadhani utakupwa jioni? Kwetu mto ukijaa tunafungia ndani mbuzi na watoto, na mbuzi ndiye anayetii."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka kidogo, kisha nikaiomba simu yake.

Nikampigia tena Mzee Mkude.

"Nilikwambia umejaa," akasema. "Umebeba hata daraja la miti. Nikashangaa mwenzangu unafurahi. Nikasema labda ndiyo elimu ya siku hizi."

Nitakuwa mkweli hapa, maana kwingine sijawa. Jambo la kwanza nililowaza ni kunyamaza. Maji yanaweza kupungua kabla ya Jumamosi. Walimu watayaona wenyewe tukifika. Mwalimu ataniamini tena lini, na mto huu nitaupata tena lini?

Lakini mvua haiachi kugonga bati, na kila ikizidi naisikia inashuka Uluguru. Na Mwajuma hajui kuogelea. Alijiandikisha kwa sababu mimi nakwenda.

Nimeandika ujumbe kwa Mwalimu, nikaufuta mara tatu. Wa nne nimeutuma: "Shikamoo Mwalimu. Ripoti yangu si sahihi. Mwenyeji hakusema hali ni nzuri. Alisema mto umejaa, nikaelewa vibaya, nikaandika maneno yangu kama yake. Nisamehe."

Nusu saa nzima nimezunguka meza. Kisha jibu lake likaingia kwenye simu.

"Marahaba. Mtoni hatuendi. Kesho asubuhi njoo ofisini na ripoti yako."

Hakuna "asante," hakuna "usijali." Nimesoma mara nyingi nikitafuta hasira au huruma, sijapata hata moja. Mto wangu umeondoka kwa maneno mawili.

Kabla ya ofisini, nitaanza na Mwajuma. Nitamwambia nilimcheka wakati yeye ndiye aliyechagua vizuri. Kama atakubali, tutaandika pamoja ripoti ya bwawa, na nitamfundisha kushika kafi humo, bata wakituangalia.

Mchana, kabla ya kukata simu, nilimuuliza Mzee Mkude nitajuaje mto uko tayari. Akasema masika yakishapita nimpigie. "Mawe yakitoa vichwa, hapo njooni."

Kimbiji, mawe yakitoa vichwa ndipo tunapovuta mtumbwi pwani na kwenda zetu.

Nimeandika jibu lake nyuma ya daftari la Kemia, neno kwa neno, bila kuongeza langu hata moja.